Dari ya jipsamu imelowa: inapona au inabanduliwa?

Masika yakikolea Dar es Salaam, makundi ya WhatsApp ya mitaa huanza kupokea picha za aina moja: dari nyeupe, doa la rangi ya chai, na chini ya picha swali la "wadau, nifanyeje?" Majibu hayachelewi, na kila moja linampinga mwenzake. Mmoja atasema jipsamu ikishaguswa na maji imekwisha, toa yote. Mwingine atasema piga puti, paka rangi ya mafuta, hutaliona tena. Wa tatu atashauri usubiri likauke kwa kuwa ni doa tu. Fundi atakayeitwa kesho yake naye ana jibu lake, ambalo mara nyingi hutegemea kama wiki hiyo ana kazi nyingine au hana.

Ajabu ni kwamba wote wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa dari aliyowahi kuiona. Ukubwa wa doa hauamui chochote. Yanayoamua ni haya: maji yaliyoingia ni ya namna gani, yamekaa muda gani, na bodi yenyewe imebakiwa na nguvu kiasi gani.

Tuanze na bodi. Jipsamu ni jiwe laini linalochimbwa hata hapa nchini, Makanya wilayani Same na huko Kilwa, ingawa sehemu kubwa ya mawe hayo huishia kwenye viwanda vya saruji. Ili kupata bodi, jiwe husagwa na kuchomwa hadi lipoteze sehemu ya maji yake. Unga unaopatikana hukorogwa na maji, humwagwa katikati ya karatasi mbili nzito, na huganda tena kuwa jiwe. Kwa hiyo bodi ina tabaka tatu: karatasi, jipsamu, karatasi. Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi ya namna hiyo mwaka 1894, na leo nyumba nyingi za Marekani na Kanada zina kuta za ndani zilizotengenezwa kwa bodi hizo. Kwetu kuta ni za tofali, na jipsamu tumeipandisha juu kuwa dari. Hufungwa kwa skrubu kwenye blandaringi za mbao (zile fito za fremu ya dari) au chaneli za chuma, viungo hufunikwa kwa tepu na puti, kisha inapakwa rangi. Bodi ya kawaida ina mita 1.2 kwa 2.4. Ya dari mara nyingi ni ya milimita 9, na za milimita 12 hutumika zaidi kugawa ofisi na maduka.

Usemi kwamba jipsamu na maji haviivani kabisa una walakini. Jipsamu yenyewe imeshikilia maji ndani ya chembe zake: karibu asilimia 21 ya uzito wake ni maji. Ndiyo maana inasaidia kuzuia moto, kwa kuwa moto hauna budi kuyafukuza maji hayo kwanza kabla haujapenya upande wa pili. Maji yanayoleta matatizo ni yale ya ziada, yanayoingia baada ya bodi kuwa bodi, na huleta madhara ya aina tatu kwa mpigo. Kwanza, chembe za jipsamu huyeyuka kidogo sana, gramu mbili hivi kwa lita, lakini hicho kidogo kinatosha kulegeza zinaposhikana. Pili, gundi inayoshika karatasi kwenye jipsamu huachia. Tatu, karatasi na wanga uliomo ndani ya bodi hugeuka chakula cha kuvu. Na karatasi si pambo. Bodi iliyoning'inia juu inabebwa zaidi na karatasi yake ya chini, hivyo karatasi ikiachia, kilichobaki juu ya kichwa chako ni chaki pana.

Chukua slesi ya mkate uichovye kwenye chai. Ukiitoa upesi, imelowa lakini ni slesi bado. Ukichelewa, nusu inabaki mkononi na nusu kikombeni, na hakuna kuikausha itakayorudisha slesi. Bodi iliyolowa kidogo na kukaushwa mapema hurudisha sehemu kubwa ya nguvu zake. Iliyoloweshwa hadi ikapinda hairudi. Itakauka ikiwa imepinda vilevile, na viungo vyake vimeshafunguka.

Basi muda ndio swali la kwanza. Kuvu, wengine huita ukungu au fangasi, huweza kuanza kuota kwenye kitu kilicholowa ndani ya saa 24 hadi 48. Kwa hali ya hewa ya pwani mwezi wa nne, ambapo hata taulo halikauki, usitegemee neema zaidi ya hapo. Dari iliyolowa Ijumaa usiku na kugunduliwa Jumamosi asubuhi ina nafasi nzuri ya kupona. Iliyolowa wakati familia imesafiri wiki mbili kwenda kijijini haina nafasi hiyo, hata kama doa ni dogo kuliko sahani.

Swali la pili ni maji gani. Wanaofanya kazi ya kukausha majengo huyagawa makundi matatu: maji safi, kama ya bomba la kuingiza au tangi la darini, maji machafu kiasi, kama ya bafu, mashine ya kufulia au kiyoyozi, na maji ya hatari, yaani ya choo na ya mafuriko. La tatu halina mjadala. Bodi iliyolowa maji ya choo cha ghorofani hutolewa, hata ikikauka na kung'aa, kwa sababu jipsamu hunyonya na huwezi kuiosha ndani.

Maji ya mvua ndiyo yanayotuchanganya. Watu huyaona safi kwa sababu yametoka mbinguni. Yangeingia moja kwa moja sebuleni yangekuwa safi kweli, lakini yamepita juu ya dari, ambako panya wamehamia tangu nyumba ilipoezekwa na pengine popo wana koloni. Vimelea vya homa ya mgunda, ile iliyotikisa Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022, huenezwa na mkojo wa panya. Sisemi kila tone la darini lina ugonjwa. Nasema kwamba kama juu kuna kinyesi, mvua iliyopita hapo ihesabiwe maji machafu, na anayeibandua bodi hiyo avae glavu na barakoa.

Sasa tusome doa lenyewe, maana linasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Rangi ile ya kahawia si ya maji. Ni vumbi, kutu na rangi ya mbao na karatasi vilivyoyeyushwa na kubebwa. Maji yanapokauka husukuma uchafu huo hadi ukingoni, ndiyo maana doa lina mstari mweusi pembeni na weupe-weupe katikati. Mstari mmoja maana yake maji yalikuja mara moja. Duara ndani ya duara maana yake yamekuja, yakakauka, yakarudi. Ukiona duara tatu au nne, achana na hadithi ya "mvua ya juzi".

Mahali lilipo doa pia pana maana, ila kwa tahadhari: maji hutembea. Yanaweza kuingia kwenye tundu la msumari wa bati, yakateleza juu ya kenchi hadi upande mwingine wa chumba, ndipo yakadondoka. Kupanda juu ya bati moja kwa moja juu ya doa na kuziba hapo ni kazi inayofanywa kila mwaka na kurudiwa kila mwaka. Fuata mkondo kutoka ndani ya dari, mchana, ukiwa na tochi, na utafute michirizi kwenye mbao. Doa lililo karibu na ukuta wa nje mara nyingi linatokana na gata lililojaa majani hadi maji yakarudi ndani. La kwenye pembe ambako mapaa mawili yanakutana linatokana na mfereji wa bati uliooza au uliowekwa mfupi. La chini ya kiyoyozi, ambalo hukua hata kiangazi, ni bomba lake la maji lililoziba.

Liko moja linalowashinda wengi. Madoa madogo madogo yaliyopangika kwa mstari, na hakuna mvua iliyonyesha. Sehemu za baridi kama Njombe, Mafinga au Arusha, bati hupoa sana usiku, na mvuke wa jikoni na bafuni unaopenya juu hugeuka matone chini ya bati. Bati linatoa jasho, na jasho hilo hudondokea dari. Hapo unaweza kubadilisha bodi mpaka uchoke. Dawa yake ni kuupa mvuke njia ya kutokea: matundu ya hewa kwenye mapaa ya pembeni, na feni ya bafu iliyofikishwa nje badala ya kuishia darini.

Kabla hujapima bodi, kuna jambo la usalama. Dari ikiwa imevimba tumbo, maji yamekaa juu yake. Lita moja ni kilo moja, na bodi nzima ya milimita 9 inakaribia kilo 20, hivyo ndoo moja ya maji iliyotuama juu yake imeongeza uzito maradufu kwenye kitu ambacho nguvu zake zimepungua. Zima umeme kwenye swichi kuu, hasa kama kuna taa zilizozamishwa ndani ya dari, ondoa watoto na samani, weka ndoo, kisha toboa tumbo hilo kwa bisibisi ukiwa umesimama pembeni. Tundu dogo maji yakatoka kwa mpango ni afadhali kuliko dari kuchagua saa yake. Bodi iliyofika kuvimba tumbo usihangaike nayo tena.

Kama haijavimba, iache ikauke kwanza, na uisaidie. Fungua mlango wa kupandia darini, shusha taa ili tundu lake lipitishe hewa, washa feni. Kukausha upande wa chini peke yake hakutoshi, kwa sababu rangi huzuia unyevu kutokea huku, na upande wa juu ndio uliolowa. Baada ya siku kadhaa, bonyeza kwa dole gumba katikati ya doa, kisha bonyeza sehemu ya dari ambayo haikulowa kwa kulinganisha. Pakiwa pagumu sawasawa, vizuri. Pakibonyea, au ncha ya skrubu ikizama bila kusukumwa, jipsamu imekuwa unga. Gonga kwa kifundo cha kidole: mlio uliokufa, tofauti na wa jirani yake, mara nyingi ni karatasi iliyoachana na jipsamu. Angalia viungo kama tepu imeinuka, na angalia vichwa vya skrubu. Zile skrubu nyeusi hazipendi unyevu, hushika kutu, na vidoti vya kahawia vilivyopangika ni ushahidi kwamba maji yamekuwa yakija kwa muda. Kisha panda juu uitazame mgongoni. Kuvu huanzia huko, gizani, na mara nyingi chini kunakuwa hakujaonekana chochote.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lina kanuni fupi kuhusu bodi hizi: zinaweza kukaushwa palepale zilipo iwapo hazijavimba na viungo vyake viko salama. Vinginevyo zitolewe. Nimeona miongozo mirefu zaidi, lakini kwa dari ya nyumbani sijaona inayoizidi hiyo kwa manufaa. Ongeza mambo mawili tu ya kwetu: maji yasiwe machafu, na mgongo wa bodi usiwe na kuvu.

Tuje kwenye rangi ya mafuta, maana ndiyo inayogombaniwa zaidi. Wanaoisifu hawadanganyi. Doa la maji ukilipaka rangi ya kawaida ya maji, rangi hiyo hulilowesha upya na doa linapanda juu, hata ukipaka mara tano. Rangi ya mafuta, au praima maalumu ya kuzuia madoa, haiyeyushi uchafu ule, basi doa linabaki chini. Kwa bodi kavu na ngumu, ambayo chanzo chake kimezibwa, hiyo ndiyo tiba kamili na ya bei nafuu: msasa, praima, puti kidogo, rangi. Kosa ni kuipaka kwenye bodi yenye unyevu. Hapo umeifunga upande mmoja, na maji yatabaki ndani yakihangaikia njia nyingine. Wapo wenye nyumba wanaofanya hivyo wiki moja kabla ya mpangaji mpya kuhamia. Unayekwenda kukagua nyumba, washa tochi ya simu, iegemeze ukutani karibu na dari ili mwanga upite ubavuni. Mabaka, mawimbi na viungo vilivyofunguka, ambavyo mwanga wa dirishani huvificha, vitajitokeza.

Klorini ya kufulia nayo ina mashabiki wake. Kwenye vigae vya bafu inafaa. Kwenye bodi, sehemu kubwa ya dawa hiyo ni maji, na bodi huyanywa. Weusi hufifia juu, na kuvu iliyoingia kwenye karatasi inabaki. Isitoshe kuvu iliyokufa huendelea kumsumbua mwenye pumu au mzio sawa na iliyo hai, hivyo kinachotakiwa ni kuiondoa, siyo kuiua tu. Eneo lenye kuvu likiwa dogo, chini ya mita moja ya mraba hivi, mtu mzima mwenye afya anaweza kulikata mwenyewe akiwa na barakoa nzuri, glavu na miwani, chumba kimefungwa na vipande vikiwekwa kwenye mfuko palepale. Likizidi hapo, au kuna mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu ndani, tafuta watu wenye vifaa. Na klorini usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi; hewa yake inaua.

Bodi za kijani zimeleta matumaini kupita kiasi. Zimetiwa kemikali zinazopunguza unyonyaji: ya kawaida hunywa maji mengi sana ikizamishwa, wakati ya kijani nzuri hainywi zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake kwa saa mbili. Zinafaa kwa dari ya bafu na jikoni, penye mvuke. Hazifai kuwa jibu la paa linalovuja, kwa sababu maji yatakayoshindwa kupita kwenye bodi yatapita kwenye viungo.

Wasomaji walio Marekani na Kanada wana sura nyingine ya jambo hilihili, kwa kuwa kwao jipsamu inagusa sakafu. Kimbunga Harvey kilipoizamisha Houston mwaka 2017, pembezoni mwa barabara kulijaa vilima vya bodi zilizokatwa kutoka kwenye kuta. Hawakuwa wanafuja mali. Bodi iliyosimama kwenye maji huyapandisha juu ya mstari wa mafuriko, na nyuma yake kuna sufi ya kuzuia baridi inayokaa na maji kwa wiki nyingi. Ndiyo maana mafundi wa huko hukata ukuta wote kwa usawa, mara nyingi mita 1.2 kutoka chini, urefu wa bodi moja iliyolazwa, hata kama maji yalifika magotini. Aliyepanga apige picha na kumwandikia mwenye nyumba siku hiyohiyo. Mwenye bima apige picha kabla hajatupa kitu. Kwetu, wenye ofisi na maduka yaliyogawanywa kwa bodi katika maeneo ya bondeni wanahitaji kanuni hiyohiyo. Ukuta wa tofali utaukausha, wa jipsamu uliosimama kwenye maji ya mtaro utaukata.

Na ikiamuliwa kubandua, si lazima dari nzima. Kiraka kinakatwa kwa mistari iliyonyooka hadi katikati ya blandaringi za pande zote, ambazo kwa kawaida zimeachana sentimita 40 hadi 60, ili kipande kipya kipate pa kushika skrubu. Kata kupita doa, hadi ufikie bodi ngumu, kavu na yenye mgongo safi. Bodi yenyewe ndiyo kitu rahisi kuliko vyote katika hesabu. Gharama iko kwenye mkono wa fundi: tepu, puti, msasa, na rangi ya dari nzima, kwani rangi ya kiraka haifanani na ya miaka mitatu iliyopita. Kwa sababu hiyo, bodi mbili tatu zilizoharibika kati ya nane, ni afadhali kubadilisha chumba chote. Moja ikiharibika kati ya nane, anayekwambia "toa yote" akuonyeshe kwanza zile saba zina nini.

Kinachosahaulika ni mpangilio wa kazi. Paa kwanza, halafu mbao zikauke, bodi mwisho. Kama huna uhakika chanzo kimezibwa, na bodi bado ni ngumu, chukua penseli, zungushia doa mstari na uandike tarehe. Mvua ikipita na doa halijavuka mstari, umeziba, paka rangi. Likivuka, umejiokolea gharama ya kupaka mara mbili. Na kama bodi imeshakatwa, vumilia aibu ya tobo sebuleni hadi ipite mvua kubwa moja, ya upepo, kwa kuwa zipo bati zinazovuja upepo ukitoka upande mmoja tu. Fundi atakusukuma ufunge siku hiyohiyo amalize kazi yake. Mlipe sehemu, mwambie arudi.